Spika Zinazosinzia

Kila mkija kunisalimia hapa Tanga, vijana, mnakunywa chai yangu kwanza, mnaulizia magoti yangu, halafu ndipo linatoka lililowaleta: "Mzee, ninunue spika zenye amplifaya ndani yake, au zile za kuunganisha na amplifaya pembeni?" Na simu mkononi tayari imekwisha kuwajibu. Mnachotaka ni mzee apige muhuri tu.

Leo nitajibu, ila kwa njia yangu, na njia yangu ina kona. Nilifunga spika majumbani Doha kwa miaka mingi, kutoka duka moja la mtaa wa Al Sadd. Nilianza wakati watu bado wananunua sidii kwa mafungu, nikaacha wakati muziki wote umehamia kwenye simu. Siuzi tena kitu, kwa hiyo msitegemee nisifie upande wowote.

Tuanze na majina. Dukani tulikuwa na dereva Mkenya, Otieno, mtu wa Kisumu, aliyebeba makasha na maneno kwa wingi uleule. Spika yenye amplifaya tumboni aliiita "ya kujitegemea", na isiyo nayo akaiita "tegemezi". Akija mteja anayejua Kiswahili, Otieno alimweleza hivi:

"Hii ni bachela. Iko na stima yake, inajipikia, haisumbui mtu. Hii ingine ni ya ndoa. Bila amplifaya haiwezi sema hata neno moja."

"Sasa bora ipi?" mteja anauliza.

"Kwani wewe umeoa?"

Majina yakashika. Hata Basheer, fundi mkuu wetu kutoka Kerala, ambaye Kiswahili chake chote kingeingia kwenye kikombe cha kahawa, alikuwa akisimama mlangoni mwa stoo akiita, "Tegemesi mbili, haraka!"

Basheer ndiye aliyenifundisha kazi. Tulizungumza Kiarabu cha kazini, kile ambacho Mwarabu mwenyewe akikisikia anakuna kichwa. Somo lake la kwanza lilikuwa maneno matatu: "Shuf kahraba awwal." Tazama umeme kwanza. Ukiingia nyumba ya mtu usipige makofi kusikiliza mwangwi kama wale wa kwenye video. Tafuta soketi. Spika ya kujitegemea inataka umeme wake, na mwenzake anataka wake, na waya wa muziki juu yake. Spika tegemezi inataka uzi mwembamba tu kutoka kwenye amplifaya, unaoweza kufichwa chini ya zulia na mwenye nyumba asijue ulipopita.

Na nyumba za kule zina majlisi, chumba kirefu cha wageni, matakia yamezunguka kuta zote. Hakuna mbele wala nyuma. Wageni wanatazamana, kahawa inazunguka, na kila mmoja anataka asikie sawa na mwenzake. Kanuni za vitabuni za kukaa katikati ya spika mbili hazina kazi pale, maana katikati kuna zulia na sinia la tende. Soketi ziko nyuma ya matakia, chini kabisa. Nimeinama nyuma ya matakia ya watu mpaka nikaielewa vizuri ile mtaka cha mvunguni. Chumba cha namna hiyo niliweka tegemezi ndogo ndogo kila upande, amplifaya moja kabatini, kazi kwisha. Mtu mmoja katika chumba kidogo, mwenye meza na simu yake, huyo nilimpa za kujitegemea na nikaondoka bila wasiwasi. Kiwandani wameshaioanisha amplifaya na spika yake, wewe huna cha kukosea.

Huna cha kukosea, nasema, ila Basheer alikosea. Alikuwa bwana mkubwa katika kazi na alipenda sana kusema kwamba hajawahi kuchoma kitu. Tulikuwa West Bay, fleti ya juu kabisa mwenye jengo anayoweza kupangisha. Mteja alikuwa na amplifaya ya zamani na spika mpya za kujitegemea, na akasisitiza vitumike vyote, kwa kuwa vyote vyake. Basheer, huku akizungumza na mimi bila kutazama mikono yake, akachukua waya wa kutokea kwenye amplifaya, wenye nguvu ya kuendesha spika, akaupeleka kwenye tundu la spika ambalo linategemea kupokea muziki mwembamba kutoka kwenye simu. Ni sawa na kumnywesha mtoto mchanga kwa bomba la zimamoto.

Wakati huohuo msichana wa kazi akaingia na chetezo cha udi, anafukiza kila kona kama desturi yao wanapotegemea wageni. Moshi ukatanda. Mwenye nyumba akavuta pumzi, akasema udi huu mzuri, umetoka wapi? Basheer akajibu kwa heshima kwamba hata yeye anaupenda. Mpaka chetezo kilipotoka na moshi ukabaki, ndipo tukaiona spika ya kushoto inafuka kwa nyuma. Tangu siku ile Basheer alikoma kusema hajawahi kuchoma kitu, na Otieno akawa kila akinusa udi popote anauliza, "Buda, hiyo ni watt ngapi?"

Kuna la joto pia, na hili halimo kwenye simu zenu. Kiangazi cha Doha familia nyingi husafiri. Wanazima viyoyozi, wanafunga madirisha, na nyumba inabaki inajipika peke yake mpaka shule zifunguliwe. Amplifaya iliyofungiwa ndani ya kasha la spika, nayo imeachwa imechomekwa kwenye soketi, ikipikwa kiangazi kizima haitoki salama. Wakirudi, tunapigiwa simu: moja inaimba, moja bubu. Na amplifaya ikifa ndani ya spika, umepoteza vyote viwili mpaka fundi aifungue. Ile tegemezi amplifaya yake ikifa, unanunua nyingine, spika inaendelea na maisha. Lakini msidhani tegemezi hazifi. Ile sponji inayozunguka mdomo wa spika hukauka ikamomonyoka kwa joto lilelile, na mwenye spika anakwambia alisikiliza jana tu ilikuwa nzima.

Kwa hiyo maswali yangu kwa mteja yalikuwa haya: soketi iko wapi, wanakaa wangapi, na kiangazi nani anabaki nyumbani. Sauti ilikuja baadaye. Baada ya mambo ya nyumba moja mtaa wa Al Thumama nikaongeza swali la nne.

Nyumba ile ndiyo pekee niliyowahi kuondoa spika mpya na kurudisha za zamani. Mwenye nyumba aliitwa Nasser, mtu wa ofisini, mpole, Kiswahili chake ni kile alichokisikia kwa mama yake tangu utotoni. Mama yake, Bi Zuwena, alizaliwa Unguja akaolewa Ghuba akiwa binti. Nasser alinipigia dukani akasema anataka spika kubwa zaidi. Zile alizomnunulia mama, za kujitegemea, nyeupe, nzuri, hazitoshi tena. Mama masikio yanakwisha.

Nilimkuta Bi Zuwena chumbani kwake, amekaa juu ya zulia na mto mgongoni. Mlangoni palikuwa na sanduku kubwa limefungwa kamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Weye wa wapi?"

"Tanga."

"Ah. Basi si mgeni. Kaa."

Nikakaa. Nikamwambia mwanawe amenituma nimletee spika zenye nguvu. Akatikisa kichwa.

"Sikio la kufa halisikii dawa, fundi, seuze spika. Lakini jaribu. Miye n'na safari. Unaliona sanduku hilo? Vitu vya dada yangu, Rukia, yuko Unguja, mgonjwa. Nilikuwa nikimpigia simu kila Ijumaa. Sasa simu siipigi, maana nitasikia nini? Na nikienda na masikio haya tutafanya nini, tukodoleane macho? Yakipona, ntakwenda."

Hapo nikaelewa nilichoitiwa. Haikuwa muziki. Bibi huyu alikuwa na dada mmoja aliyebaki duniani, na kati yake na huyo dada palisimama masikio mawili.

Nikamuuliza masikio yanamsumbua vipi. Wengi walikuwa wakiniambia sauti imekuwa hafifu, au maneno yanachanganyika. Yeye akasema:

"Yanasinzia."

"Yanasinzia vipi, bibi?"

"Yanasinzia, mwanangu. Nasikiliza nyimbo zangu, mtu anaimba vizuri, mara kimya. Nakaa, nangoja, kimya. Nikichukua rimoti nikapandisha sauti, yanaamka, nasikia tena. Na wajukuu wanapita mlangoni wanapiga kelele, bibi, mbona juu hivyo! Basi mwanangu kanipeleka hospitali. Daktari kasema ni utu uzima, na presha, nisishtushwe."

Sasa ngojeni niwaambie. Neno lile, kusinzia, lilikuwa la kwetu dukani. Spika za kujitegemea nyingi zina kitu hicho: zikikosa muziki kwa muda zinajizima zenyewe kuokoa umeme, taa ya kijani inageuka nyekundu. Otieno alisema zimesinzia, na sisi sote tukasema hivyo. Kwa daktari bibi alizungumza Kiarabu, na kwa Kiarabu alisema tu sauti inapotea. Neno lenyewe alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Hata hivyo sikuruka kusema kitu. Nikamwomba anipigie hizo nyimbo, nisikilize naye.

Akanitazama kwanza, halafu akatazama mlango kama umefungwa. "Taarabu," akasema kwa sauti ya chini. "Majlisi ya Nasser iko nyuma ya ukuta huu, na wageni wake watu wa dini sana. Naweka chini, chini kabisa. Sitaki waseme mama yake Nasser mtu mzima hana haya."

Akaweka. Ilikuwa chini kweli, nikainamisha kichwa. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukaingia. Kahawa ikaletwa. Nilikuwa na kikombe mdomoni wakati chumba kiliponyamaza. Bi Zuwena akanitazama, akanyoosha mikono miwili kama mtu anayeonyesha kidonda.

"Umeona? Hayo, yamesinzia."

"Bi Zuwena," nikamwambia, "hata mimi sisikii."

Hakunielewa. Nikasimama juu ya kiti, maana spika zilikuwa juu ya kabati ambako yeye asingeweza kuziona, na taa zote mbili nyekundu. Nikamshushia moja, nikaiweka juu ya zulia mbele yake. Nikamwambia apandishe sauti. Ikagonga kidogo ndani, taa ikawa kijani, mwimbaji akarudi katikati ya neno. Akateremsha, tukangoja, tukaona wote wawili inavyolala. Muziki ulikuwa chini mno, spika ikadhani hakuna muziki. Ndiyo habari yote. Na hakuna aliyegundua, maana walioingia chumbani waliingia wakisema, na mwenye kusema hasikii spika iliyonyamaza.

Dawa yake ni hii, na ishikeni: sauti usiipunguze kwenye simu wala kwenye rimoti. Acha muziki utoke huko na nguvu zake, halafu punguza kule nyuma ya spika kwenye kidude cha kuzungusha. Chumbani itakuwa chini vilevile, lakini ndani spika inapokea kitu na hailali. Nyingine zina swichi ndogo ya kuzuia usingizi. Zile za Nasser zilikuwa nayo, nikaibonyeza kwa ncha ya bisibisi.

Nilikuwa nimefurahi, sikatai. Nikamwambia, "Masikio yako mazima, bibi. Hayajawahi kusinzia hata siku moja. Safari ipo."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alikaa akiitazama ile taa ya kijani, na mwimbaji wake anaendelea, chini kwa chini, bila kukatika.

"Mazima?"

"Mazima."

"Yote ninayoyasikia, ndivyo yalivyo?"

"Ndivyo yalivyo."

Akainyooshea spika mkono. "Izime," akasema. Nikaizima.

Halafu akaniambia, bila kupandisha sauti. Wiki kadhaa nyuma alikuwa anatoka kutawadha. Nasser alikuwa jikoni na mkewe, mlango wazi, wakizungumza kama kawaida, maana nyumba ile walikuwa wameacha kunong'ona tangu wajue mama hasikii. Akamsikia mwanawe akisema kwa Kiarabu, khaloo Rukia amefariki, amezikwa jana, mama asiambiwe mpaka presha ishuke.

"Nikasimama pale na maji yananidondoka," Bi Zuwena akasema. "Nikajiambia, Zuwena, masikio yako mabovu haya. Umesikia jingine. Pengine kasema Rukia kasafiri. Pengine Rukia mwingine. Nikaja kukaa hapa nikaweka nyimbo, na zilipokatika nikafurahi. Kila yaliposinzia nilifurahi, fundi. Nikasema, umeona? Haya si ya kuaminiwa."

Nimetengeneza vitu vingi vya watu, na hiyo ndiyo mara moja niliyotamani kitu kiharibike tena mikononi mwangu. Nilijisikia vibaya, nawaambia wazi. Yeye akasoma innalillahi, taratibu, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Si kosa lako," akasema. "Nenda kaniitie Nasser. Na siku ukirudi, zitoe hizi. Za marehemu mume wangu ziko stoo, zile kubwa za mbao. Zile zilikuwa hazilali."

Nikakusanya bisibisi zangu. Nikalipita lile sanduku lenye kamba, nikatoka. Nasser alikuwa kibarazani anavua viatu, ndiyo kwanza amerudi kazini.

"Vipi, fundi? Zinatakiwa kubwa?"

"Hapana. Spika ndizo zilizokuwa zikilala. Nimeziweka sawa. Mama hana ugonjwa wa masikio."

"Alhamdulillahi!" Akanishika bega, anacheka. "Yaani anasikia?"

"Anasikia."

"Vizuri kabisa?"

"Vizuri kabisa. Anakuita."

Kiatu kimoja kilikuwa bado mkononi mwake. Nikaona kicheko kinamtoka usoni kidogo kidogo, akageuza kichwa upande wa jikoni, halafu upande wa chumba cha mama yake, anapima umbali kwa macho.

"Tangu lini anasikia?"

"Hakuwahi kuacha," nikasema.

Akakiweka kiatu chini. Akaenda mpaka mlangoni kwa mama yake, akasimama pale kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa. Swali langu la nne, vijana, ni hili: huyu atakayesikiliza anataka kusikia nini? Wateja wengi walicheka nilipowauliza. Mimi nilikuwa bado natafuta ndara zangu kwenye rundo la viatu pale kibarazani, ndipo sauti ya Bi Zuwena ikatoka ndani, ya chini lakini haikupotea hata herufi.

"Ingia, Nasser. Sema sasa. Nakusikia."